Nyuzi

Ulisema, Taisto, umeegemea jokofu,
kwamba watu wote wanaukosea upepo.
Wanadhani adui husimama mbele,
analipiga lori kofi za uso.
Kumbe kikulacho ki mgongoni:
hewa ikishapasuliwa na kichwa cha lori
haiwahi kurudi mahali pake,
na ule utupu unaoburutwa nyuma ya milango
ndio unaotuvuta shati
kutoka Oulu hadi Kajaani,
nasi tunaulipia dizeli.

Nikakucheka. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku,
masikio bado yamejaa feni.

Kazi yangu unaijua. Naiuliza chipu maswali,
milioni kwa sekunde moja,
nimeiweka kwenye nyuzi tisini na tano,
si juu, si chini.
Tabu ni kwamba chipu ikifikiri
hujitia homa yenyewe.
Swali gumu likiingia joto linaruka
kabla kipimajoto hakijatanabahi,
na hapo hujui tena umepima nini,
akili yake au homa yake.

Ndiyo maana mimi na Yrjänä tukachonga kile kichwa cha shaba,
kina mifereji myembamba kama mishipa ya jani,
kinaikalia chipu kwa uzito wa kiganja.
Nacho hakingoji.
Kinausoma umeme unaoingia,
kinajua swali lipi liko njiani,
kinaanza kupoza kabla ya jasho.
Tuliunguza chipu themanini na moja
mpaka kikajifunza hivyo.

Kisha ile Jumamosi ya Machi.
Gereji inanuka gundi na plaiwudi,
bawaba umezing'oa mlango wa sauna
(mwezi mzima tulioga tukishikilia mlango kwa mguu),
na kidonge changu cha sufu nyekundu,
nilichomwekea Helvi kwa sweta,
umekikatakata vipande arobaini
ukavibandika nyuma ya tela.

Nikakufuata na gari dogo, dirisha wazi,
nyuzi kumi na moja chini ya sifuri,
nikihesabu nyuzi arobaini.
Zilikuwa zimepagawa.
Zilichapana, zilijisokota,
nyingine zilielekea mbele, kinyume na akili,
kana kwamba zinataka kuingia ndani ya mzigo.
"Ingiza pembe," nikasema kwenye simu.
Ukasimama. Ukashuka na spana.
Vidole vitatu ndani.
Kidole kimoja nje.
Mara kumi, na ndevu zako zimeganda.

Ya kumi na moja, tulipopita Muhos,
zikalala.
Sikuona ni upi ulioanza.
Zikalala zote kama nywele zilizochanwa,
isipokuwa mmoja, pembeni kushoto chini,
huo ulikataa mpaka mwisho.
Nikapiga honi kama mwendawazimu.
Poromoko la theluji likamjibu honi kutoka kwenye msonobari.

Barua ya ofisi ya hataza ilifika Juni.
Mtu wa mji mwingine alishatangulia,
miaka sita, na michoro mizuri kuliko yetu.
Uliisoma wima, ukaikunja mara nne,
ukaitia chini ya mguu wa meza inayoyumba.
Mbao hukuzing'oa.

Na Novemba ukalala wewe.
Nyuzi thelathini na tisa, na nukta kadhaa.
Nikakuwekea kiganja kwenye paji,
mimi, fundi wa joto,
na kiganja changu hakina mifereji,
hakikujua swali lipi liko njiani.
Kilingoja lipande
ndipo kikimbilie kitambaa.
Usiku tatu nilijaribiwa hivyo,
wala sikujua anayenipima
anataka jibu gani.

Alfajiri ya nne shati lako lililoa.
Ukafungua jicho moja,
ukauliza yule kijana aliyekushikia lori
amechoma lita ngapi.
"Ishirini na nane kwa mia."
"Anakanyaga sana," ukasema,
ukageukia ukutani.

Nikachelewa zamu.
Uani, chini ya taa, tela limesimama,
upepo hakuna,
na ule uzi wa kushoto, wenye barafu,
umenyooka peke yake.